Msalaba wa Upindoni

Hakuna askofu wala mchungaji katika mji huu aliyewahi kusimama madhabahuni bila mikono yangu kupita kiunoni mwake. Nasema hivyo nikiwa na akili zangu timamu. Ukitaka ukweli wenyewe, askofu niliyempima ni mmoja tu, na alikuja kupunguziwa suruali. Lakini wachungaji, hao nimewapima mpaka nimewachoka.

Mimi ni fundi wa mavazi ya kanisa. Masomo yangu yaliishia darasa la saba, na hilo la saba lenyewe nililimaliza kwa sababu mwalimu alichoka kuniona. Elimu ya dini nimeipata kwenye futi ya kupimia. Wakatoliki wanataka vazi la padri libadilike rangi kila msimu, na ole wako ukichanganya zambarau na buluu. Walutheri wanataka joho jeusi na ukosi mweupe uliosimama kama umeudhiwa. Wapentekoste wanataka suti inayong'aa, na kwapani pawe papana, maana mhubiri akirusha mkono juu, mshono unalia kabla ya waumini. Wasabato hawapokei nguo Jumamosi hata ukiwapelekea mlangoni. Yesu wao ni mmoja, ila kila mtu kampima kwa futi yake.

Kanisa moja tu halikuwahi kuniletea kazi, nalo ni la mdogo wangu. Mtaani wanaitwa Watu wa Kimya. Hawana joho, hawana ngoma, hawana mchungaji. Wanakaa kwenye chumba cheupe, wanatazama sakafu, na Roho akimgusa mtu anasema maneno mawili matatu, kisha anakaa. Niliwahi kwenda, nikasinzia, nikakoroma. Wakadhani Roho amenigusa mimi.

Hawavai msalaba. Hilo ndilo lililotuua. Nilimuuliza mdogo wangu siku moja kwa nini, akanijibu huku anakaanga vitunguu: "Dada, mwanao akichomwa kisu, kile kisu utakivaa shingoni?" Nikakosa la kusema, na mimi kukosa la kusema ni habari ya kuandikwa gazetini. Jingine ni kwamba hawasemi uongo. Si kwamba wanajitahidi kutosema. Hawasemi. Mwenzao akipatikana na uongo hawamfokei wala hawampigi. Wanaacha kumwachia nafasi kwenye benchi.

Mdogo wangu alikuwa mkunga wa zahanati ya serikali, na alikaa kwenye nyumba ya zahanati, vyumba viwili na jiko. Nusu ya watoto wa mji huu waliuona mwanga kwenye viganja vyake. Hata wanaomchukia leo walitoka kwa kumpigia kelele yeye kwanza.

Mgombea mmoja wa urais alipokuja uwanjani akasema nchi hii ataifanya Taifa la Kristo, tulipiga makofi sote. Naomba hilo lieleweke. Padri Mzee alipiga, akidhani misa itarudi na heshima yake. Mchungaji Kipaza, tuliyempa jina hilo kwa sababu hata akikusalimia peke yako anatafuta spika, alipiga mpaka saa ikamchomoka mkononi. Mimi nilipiga kwa kuwa nilikuwa nimeshaahidiwa kazi ya kushona bendera. Na mdogo wangu alipiga. Ndiyo, yeye, taratibu, mara chache. Yule bwana alikuwa amesema hakutakuwa na uongo tena serikalini, na maskini akamwamini. Kila mtu uwanjani pale alimsikia Kristo wa kwao akitajwa. Hakuna aliyeinua mkono kuuliza ni Kristo wa nani. Jirani yangu mwenye duka, ambaye ni Mwislamu, alikuwa amefunga mapema akaenda kulala. Baadaye akaanza kunisalimia kwa kichwa tu. Haikuwa chuki. Alikuwa anajiangalia.

Yule mgombea alishinda. Ikaja amri kwamba bendera iongezwe msalaba, na kamati ya makanisa ikaja kukaa kwangu, kati ya cherehani na pasi, wakubaliane ni msalaba wa namna gani.

"Lazima Bwana awepo juu yake," akasema Padri Mzee.

"Bwana alishuka, Baba," akasema Kipaza. "Alifufuka. Ninyi bado mmemwacha huko juu?"

"Msalaba bila Bwana ni mbao mbili tu."

"Na ukiwa na sanamu, ni sanamu."

Mwakilishi wa kanisa lingine akataka na nyota. Mwingine akasema nyota ni ya uganga. Nikawaambia, "Wazee wangu, mkinichorea na mitume kumi na wawili nitashona, ila kitambaa kina mwisho." Hawakucheka. Zamani wangecheka. Hapo ndipo nilipaswa kuogopa, lakini nilikuwa na oda mkononi, na mtu mwenye oda huwa haogopi vizuri. Wakakubaliana msalaba mtupu, wa zambarau. Padri Mzee alitoka ameinamisha kichwa. Watu wa Kimya hawakualikwa, na hakuna aliyeona kiti kimepungua.

Baada ya bendera zikaja beji. Kila mtumishi wa umma avae msalaba wa kitambaa, ukubwa wa kiberiti, kwenye nguo ya kazi. Asiyevaa anamwaga unga, na nyumba ya serikali anaiacha. Beji za zahanati nilipewa mimi kushona. Manesi wakaja mmoja mmoja na magauni yao, wakasimama wakijitazama kwenye kioo. Mdogo wangu hakuja.

Nikamfuata. Nilimkuta anafua shuka za wodi mwenyewe, maana mfuaji alikuwa Shahidi wa Yehova na alishaondolewa.

"Mdogo wangu, nipe gauni nikubandikie. Ni kitambaa tu."

"Kama ni kitambaa tu, mbona wanataka kunifukuza kwa ajili yake?"

"Usinijibu kama kitabu. Utalala wapi?"

"Kwako."

"Kwangu? Unakoroma."

"Anayekoroma ni wewe, Dada. Kanisa zima linajua."

Tukacheka, lakini macho yake hayakucheka. Akaminya shuka mpaka vidole vikawa vyeupe. "Kuna mama wawili watajifungua wiki hii," akasema. "Mmoja mtoto amekaa vibaya. Nikiondoka, pale kuna kijana aliyetoka chuoni juzi, damu ikimwagika anakimbilia simu." Akaitundika shuka kambani. "Lakini siwezi kuuvaa. Nisingekuwa mimi tena."

Basi mimi nikafanya akili. Watu wote wanajua nina akili nyingi, na wengi wanaomba niache kuzitumia. Gauni lake moja la kazi, la buluu isiyokolea, lilikuwa limefumuka upindo kwa nyuma. Nikamwambia nipe nilipinde. Hilo hakulikatalia. Nikaenda nalo nyumbani, nikachukua beji moja, nikaiweka ndani ya upindo, kati ya kitambaa na kitambaa, nikashona juu yake kwa mkono, taratibu, mshono wa kuficha ambao hata ukipitisha kidole huusikii. Nikapiga pasi. Msalaba ukalala humo kama mtoto ndani ya blanketi.

Kisha nikaenda kwa Kipaza, mwenyekiti wa ile kamati, nikamnong'oneza: "Mchungaji, mdogo wangu anauvaa. Ila anauvaa kwa ndani, kwa unyenyekevu. Si unawajua wale watu na haya zao?" Amri ilisema mtu avae. Haikusema avae wapi. Nilijiona wakili.

Kipaza akatabasamu. "Bwana anafanya kazi kwa siri," akasema. Wakaguzi walipofika zahanati, jina la mdogo wangu wakaliruka. Mtoto aliyekaa vibaya akazaliwa salama, akapewa jina lake. Mimi nikanenepa kwa furaha.

Kumbe nilisahau Kipaza ni nani. Ukimpa siri, umempa wimbo. Jumapili ile, kwenye maombi ya taifa uwanjani, spika zikiwa zimeelekezwa pande zote nne, akapaza sauti: "Hata Watu wa Kimya wameanza kuinama! Mkunga wao, yule mama mnayemjua, anauvaa msalaba kwa siri, chini ya nguo yake! Haleluya!" Uwanja ukalipuka. Niliisikia nikiwa kwangu nimeloweka miguu. Maji yakapoa ghafla.

Mdogo wangu alikuwa kwenye kile chumba chao cheupe, wamekaa kimya, na kimya chao ndicho kilichowafanya wasikie vizuri kuliko sote. Mzee wao wa kanisa akamuuliza mbele ya wote: "Ni kweli?" Akajibu si kweli. Akasema jambo ambalo mtu mwingine yeyote asingesema: akasema kina mama waingie naye chumba cha pili, walikague gauni alilovaa, kwa kuwa alikuwa anatoka zamu. Wakalikagua shingo, wakalikagua mifuko. Mmoja akashika upindo wa nyuma na kukuta pamekuwa pazito kuliko penginepo. Wakafumua kidogo. Rangi ya zambarau ikachungulia.

Alikuja kwangu jioni ile na lile gauni mkononi. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa maneno. Hakunipiga maneno. Alikaa kwenye kigoda cha wateja, akaliweka gauni magotini.

"Dada, nimekaa juu yake muda wote huu?"

"Ndiyo. Nilitaka usijue."

"Nimezalisha watoto wa watu nikiwa ndani ya uongo."

"Uongo wa nani? Wangu! Wewe ulikuwa unavaa gauni tu."

"Nimewaambia si kweli, Dada. Mbele ya kanisa. Kumbe ilikuwa kweli." Akalia kidogo, kama anavyosali, bila sauti. Nikatafuta utani mahali pote nilipouweka. Sikuupata hata mmoja.

Habari za upindo zilimfikia Kipaza kabla hatujalala. Yule aliyekuwa shujaa wa spika akawa kichekesho sokoni. Watu walikuwa wanaulizana ni sehemu gani hasa mkunga ameuweka msalaba wa taifa, na wanajibizana kwa kupiga makalio. Mtu wa namna ile ukiwachekesha watu juu yake, umemfanya wa hatari. Ukaja wito kwa mdogo wangu. Haukuhusu tena kutovaa. Ulihusu kudhihaki msalaba. Kosa jipya kabisa, halijakauka wino, na adhabu yake ilikuwa kifungo.

Njiani nikamwambia, "Wewe utaulizwa nani kashona. Sema ukweli kama kawaida yako. Mimi ni mzee, jela watanipa godoro, na huko kuna sare za kushona, sitakosa kazi."

"Dada, nyamaza."

"Nasema tu kwamba..."

"Nimesema nyamaza."

Hajawahi kuniambia hivyo tangu azaliwe. Nikafurahi moyoni, nikadhani ni hasira, kwamba sasa atanitaja kwa roho safi.

Kamati ilikaa kwenye ukumbi wa halmashauri. Feni lilikuwa linazunguka likigonga kitu, tak, tak. Nyuma ya meza palining'inia moja ya bendera zangu, nikaona nimeiacha na kona moja haijanyooka. Kipaza alikaa katikati, mwenyekiti, na safari hii hakuwa na spika, jambo lililonitisha zaidi. Kulia kwake Padri Mzee. Kushoto kwake Mama Kwaya, mwimbishaji wa kanisa la Kipaza, mwanamke mpole, niliyemshonea sare zake zote. Sisi tulikaa mbele kwenye viti vya plastiki. Nyuma kulikuwa na watu wa mjini waliokuja kutazama, na kati yao mzee wa Watu wa Kimya, kofia magotini. Alikuwa amekuja kusimama na mtu wake.

Gauni lilikuwa mezani, upindo juu.

"Nani aliuweka msalaba hapa?" Kipaza akauliza.

Nikasimama haraka. "Mimi. Tena kwa mkono wangu, bila yeye kujua hata chembe."

Kipaza akanicheka. "Bibi, kaa chini. Wewe mara ya mwisho uliniambia anauvaa kwa unyenyekevu. Kabla ya hapo uliniambia umeshona joho la askofu wa ng'ambo. Neno lako nikilipima, halifiki hata robo mita."

"Safari hii nasema kweli!"

"Ndivyo unavyosema kila safari. Kaa." Watu wakacheka. Maisha yangu yote nimewachekesha watu hawa, na sikujua kwamba nilikuwa ninajichimbia. Nikakaa. Akageukia upande wa pili, sauti ikawa laini. "Huyu ndiye tutamuuliza. Watu wa Kimya hawasemi uongo, sivyo? Atakachosema yeye kitaandikwa. Mkunga, nani alishona?"

Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu kama yuko kanisani kwao. Nikangoja jina langu. Nilikuwa nimeshalitandikia mahali pa kulala.

"Mimi," akasema.

Nilisikia feni. Padri Mzee akainua kichwa.

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Dada hakujua. Alipinda upindo, mimi nikafumua baadaye nikauweka."

Alisema vibaya. Mtu asiyezoea uongo anausema kama anayevaa viatu vya mtu mwingine, unaona kabisa hatua haiendi. Lakini ukumbi wote ulimwamini kwa sababu ni yeye, na hilo ndilo lilinivunja. Nikasimama tena, nikapiga kelele, nikasema anadanganya, nikamwita mwongo, mdogo wangu wa tumbo moja, mbele za watu. Askari akanikalisha kwa kunishika mabega.

"Tusiwe wepesi," akasema Padri Mzee polepole. "Ndugu mwenyekiti, huyu mama amewahudumia watu wetu. Wa kwangu na wa kwako."

"Baba," Kipaza akamjibu bila kumgeukia, "kamati ya wiki ijayo inajadili sanamu zilizomo kanisani kwako. Nguvu zako ziweke akiba."

Padri Mzee akatazama vidole vyake.

Kipaza akamwita karani, akanong'ona naye. Karani akatoka, akarudi na kipande cha kitambaa, sindano na uzi. Kipaza akavisukuma hadi ukingo wa meza. "Tusionekane tumeonea mtu," akasema. "Kama ulishona wewe, tushonee tena. Pale pale, kwenye mkunjo, kama ulivyofanya."

Mdogo wangu akasimama. Akapitisha uzi kwenye tundu la sindano mara moja tu, nami nikaanza kupata matumaini kama mjinga, kwamba hataumbuka mbele ya watu wake. Akakunja kitambaa. Akachoma, akavuta, akafunga fundo, akakata. Akasogea pembeni kidogo. Akachoma, akavuta, akafunga, akakata. Tena. Kila mshono ukasimama peke yake, na ncha zake mbili za uzi zikiwa juu kama masikio ya panya.

Nikafumba macho. Nilipofumbua, Mama Kwaya alikuwa amenyoosha shingo juu ya meza, na uso wake umebadilika rangi.

"Mwenyekiti," akasema, kisha akaziba mdomo, kama anayetaka kulirudisha neno.

"Sema."

"Hapana, basi."

"Mama, uko kwenye kamati. Sema."

"Huu mshono naujua."

"Umeuona wapi?"

Mama Kwaya akavuta sketi yake ishuke chini ya magoti. Alikuwa anamtazama mdogo wangu, na machozi yalikuwa yanamtoka waziwazi. "Ninao," akasema. "Wa kitinda mimba wangu, nilipochanika."

Nyuma mtu mmoja aliguna kicheko, kikafa njiani. Kipaza akachukua kile kitambaa, akalichukua na gauni, akafunua upindo sehemu ambayo haikuwa imefumuliwa. Uzi wangu ulikuwa unapita humo mmoja, mrefu, hauna fundo hata moja mpaka mwisho wake. Akaviweka viwili hivyo sambamba mezani, akavilainisha kwa kiganja, bila haraka.

"Mkunga," akasema. "Nani alishona?"

Nyuma yangu kiti kilisogezwa. Mzee wa Watu wa Kimya alikuwa amesimama. Akavaa kofia yake vizuri, akapita kati ya viti akiomba samahani kwa kila aliyempisha, akatoka. Mlango aliuacha wazi. Mdogo wangu alimfuata kwa macho mpaka mgongo wake ukaishia kwenye jua, kisha akaigeukia meza, sindano ingali vidoleni.

"Mimi," akasema.